Bei ya Kutupa na Dhamiri ya Mnunuzi

Wasomaji waliozoea tenzi za kaskazini mwa pwani wanafahamu kwamba kitenzi "kuuza" kina kazi mbili katika lahaja za huko. Kimvita na Kiamu huweza kusema mtu kamuuza mwenziwe pale ambapo Kiswahili sanifu hutaka aseme kamuuliza. Mwanafunzi anayelikuta neno hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba shujaa wa utenzi amemtia ndugu yake mnadani, kumbe amemtaka habari tu. Wanaisimu watatuambia kuwa hayo ni maneno mawili ya asili mbalimbali yaliyokutana kwa bahati ya sauti, nami sikusudii kujenga falsafa juu ya bahati ya sauti. Lakini nililikumbuka jambo hilo niliposoma barua ya kijana mmoja niliyemfundisha zamani, maana shida yake yote ilikuwa katikati ya vitenzi hivyo viwili: alikuwa ameona kitu kinauzwa, naye alikuwa anaogopa kuuliza.

Kijana huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, ni dereva wa gari la kupelekea watu bidhaa majumbani huko Sharjah, katika Falme za Kiarabu. Yeye na wenzake wawili, mmoja wa Bukavu na mwingine wa Mwanza, ambao urafiki wao umefungwa na Kiswahili, wameweka akiba kwa miaka mingi. Wameonyeshwa motokaa ya Ferrari, aina ya 360 Modena, ya mwaka 2003, nyekundu, rangi haijapauka. Inauzwa kwa dirhamu 90,000, ilhali magari ya aina na umri huo huombewa mara tatu ya kiasi hicho, au zaidi. Mwenye kuiuza anasema anasafiri mwisho wa juma, anataka fedha taslimu, na hapendi maneno mengi. Nia ya vijana wetu si kuiendesha. Wangeiuza tena huko huko, wagawane faida, na kila mmoja arudi kwao akamalizie nyumba aliyoianza. "Mwalimu," aliniandikia baada ya salamu ndefu za heshima, "nishauri: tununue au tuache?"

Walimu wenzangu niliowasimulia walicheka kwanza. Ferrari na mwalimu wa Kiswahili, wapi na wapi? Mmoja alikumbusha kuwa tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kuundwa, na kwamba usukani wa magari ya huko uko kushoto, na kwamba hata likifika, tumbo lake litakwaruzwa na shimo la kwanza barabarani. Yote ni kweli, wala hayaligusi swali. Mimi naliona gari hili kuwa mfano mwema wa kufikiria, kwa sababu hakuna mtu anayelihitaji. Anayenunua unga wa bei ndogo wakati wa njaa, au dawa ya bei ndogo huku mtoto anatetemeka kwa homa, amesukumwa na haja, na haja huzichafua hesabu za maadili hata tusijue pa kumlaumu mtu. Gari la fahari halina kisingizio hicho. Hapa tumebaki na tamaa, bei na dhamiri, basi.

Mshauri mwenye haraka atajibu kwa methali. Atasema "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nasi tutatikisa kichwa kukubali. Atasema kijana asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huo ni ushauri mzuri, lakini ni ushauri wa mfuko, na mfuko na dhamiri si kitu kimoja. Unamwambia mtu jinsi ya kuepuka kudhulumiwa. Haumwambii neno juu ya kudhulumu. Lugha yetu yenyewe hapa imetuwekea mtego mdogo. Neno "rahisi" tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu cha bei ndogo, kisha sisi tukalipanua likawa pia na maana ya jambo lisilo na ugumu. Tangu hapo kitu kikiwa rahisi kwa bei tunapenda kudhani ni rahisi kwa kila upande. Kwa gari la kijana huyu, nadhani ni kinyume: lilivyopungua bei ndivyo uamuzi wake ulivyozidi ugumu.

Hata hivyo, yafaa tuitendee haki bei ndogo yenyewe, kwani si kila kitu cha bei ndogo kina hila. Motokaa za namna hii hushuka bei kwa sababu ambazo hazina siri yoyote. Bei ya kuinunua ni kizingiti tu. Nyumba yenyewe ni gharama ya kuitunza. Chukua Ferrari F355, iliyotoka mwaka 1994. Mikanda yake ya taimingi, ambayo ikikatika injini hujivunja yenyewe kwa ndani, haina budi kubadilishwa kila baada ya miaka michache hata kama gari limesimama tu bandani. Na ili fundi aifikie mikanda hiyo ni lazima aishushe injini nzima. Katika 360 Modena, iliyofuata mwaka 1999, waundaji walitengeneza kifuniko nyuma ya viti ili kazi hiyo ifanyike injini ikiwa mahali pake, na wenye magari wakashukuru. Lakini klachi, breki na vipuri vingine bado vina bei ya gari lililoundiwa matajiri, si bei ya gari kuukuu lililonunuliwa na dereva mwenye akiba ndogo. Kipuri hakijui kwamba gari limeshuka bei. Basi mtu aliyeshindwa kulipia sevisi mbili tatu, akaamua kuuza kwa hasara na kuieleza wazi sababu yake, hana kosa, wala anayenunua kwake hana.

Ziko sababu nyingine zinazotokana na mahali na wakati. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa huko tangu kumbukumbu zilipoanza mwaka 1949. Mahali paitwapo Khatm Al Shakla, katika jimbo la Al Ain, zilipimwa milimita 254 kwa muda usiofika saa 24. Barabara za Dubai na Sharjah ziligeuka mito, na magari ya kila daraja yakazama. Gari lililozama, likikauka na kusuguliwa, hung'aa kama zamani. Lakini maji machafu yamekwisha kuingia katika nyaya na katika visanduku vya kompyuta viiamuruvyo injini. Kutu huanza kuvila viungo vya nyaya polepole, na miezi kadhaa baadaye gari huzimika katikati ya barabara bila sababu ionekanayo. Viti huweza kubadilishwa, zulia likafuliwa, na harufu ikafukuzwa kwa marashi. Sisemi kwamba gari la kijana wetu lilizama. Nasema tu kwamba mtu akaaye Sharjah, aliyeyaona maji yale kwa macho yake, hawezi kudai kuwa wazo hilo halikumpitia.

Hapo ndipo ninapotaka kuiweka hoja yangu. Kitu kikiuzwa kwa theluthi ya thamani yake, theluthi mbili zilizosalia hazikuyeyuka hewani. Kuna mtu aliyezilipa, au atakayezilipa. Huenda amezilipa mwenye mali aliyeibiwa. Huenda atazilipa mnunuzi mwenyewe kwa fundi, kidogo kidogo, hadi akome. Huenda amezilipa muuzaji, kwa kuwa ana shida na hawezi kungoja. Huenda atazilipa mtu wa tatu ambaye hajatokea bado, yule atakayeuziwa gari hilo kesho kwa bei kamili bila kuambiwa habari zake. Kuuliza mbona bei ni ndogo ni kuuliza nani amelipa pengo, na maadili yote ya ununuzi huu yamo katika jibu la swali hilo. Bei ya ajabu ni ushahidi. Mtu aliyekwisha kuusikia ushahidi, akaziba masikio kwa sababu haupendi, hatuwezi tena kumwita asiyejua. Amechagua kutojua, na kuchagua ni tendo.

Kwamba ila yenyewe si aibu, jambo hilo lilionyeshwa vizuri na gari moja mashuhuri la Uingereza. Mwigizaji Rowan Atkinson, yule ambaye watoto wetu wanamfahamu kwa jina la Mr. Bean, alikuwa na McLaren F1 aliyoinunua mwaka 1997. Aligonga nayo mara mbili. Mara ya pili, mwaka 2011, gari liliacha barabara likagonga mti, na kulitengeneza kuliigharimu bima karibu pauni 910,000. Mwaka 2015 aliliuza kwa takriban pauni milioni 8, mara nyingi zaidi ya pauni 540,000 alizotoa mwanzoni. Kwa kweli magari ya aina hiyo ni machache sana na yote yamepanda bei, kwa hiyo sidai kwamba ukweli peke yake ndio ulioleta fedha hizo. Lakini angalia: hapakuwa na mtu duniani aliyetaka kulinunua gari lile asiyejua kwamba limegongwa mara mbili. Habari zake zilikuwa wazi, kazi ya kulitengeneza ilijulikana imefanywa na nani, na bei iliamuliwa mbele ya macho ya wote. Gari lililovunjika na kuungwa linaweza kuuzwa kwa heshima. Linalokosa heshima ni lile ambalo habari zake zimefichwa.

Sasa tazama upande wa pili. Mwezi Aprili 1995, wakati wa mashindano ya Imola nchini Italia, dereva Gerhard Berger aliibiwa Ferrari yake nyekundu aina ya F512M. Muda mfupi baadaye gari hilo lilipelekwa Japani. Likapotea machoni pa wenye kulitafuta kwa zaidi ya miaka 28. Mwishoni mwa mwaka 2023 lilifika Uingereza, na mnunuzi mmoja wa Marekani alikuwa akitaka kulinunua kwa mkono wa dalali wa huko. Safari hii habari za gari zilifika kwa waliolitengeneza. Kampuni ikazikagua, ikaona kwamba ndilo lile la mwaka 1995, ikawaarifu polisi wa London mwezi Januari 2024. Uchunguzi uliokuwa umekwama kwa zaidi ya robo karne ulichukua siku 4 tu kulipata gari. Thamani yake ilikadiriwa kuwa karibu pauni 350,000.

Nimelifikiria sana gari hilo, na kinachonishughulisha si mwizi. Mwizi tunamjua, hana fumbo. Kinachonishughulisha ni miaka 28. Gari la namna ile si baiskeli ya kufichwa uvunguni. Ni wazi kwamba kuna watu waliolitunza, waliolitia mafuta, walioliosha, pengine waliolipokezana, na yamkini wengi wao hawakuwa wahalifu kwa tabia. Huenda walikuwa wapole, wenye familia, wenye kulipa madeni yao. Wengine yawezekana walidanganywa kwa hati nzuri kabisa, na hao sina neno nao. Lakini swali lililoufungua mlango mwaka 2023 halikuwa la kiganga. Lilikuwa: hili ni gari gani, na lilitoka wapi? Namba ya chasisi ilikuwamo garini miaka yote hiyo, na waliolitengeneza hawakuhama kijiji chao cha Maranello. Uovu wa mtu mmoja kwa usiku mmoja uliweza kuishi miaka 28 kwa sababu tu kila mkono ulioupokea haukuuliza, au uliuliza kwa sauti ndogo isiyotaka kusikiwa.

Wala tusidhani hayo ni mambo ya Ulaya na Japani tu. Mwaka 2015 wapelelezi wa Uingereza waliifuata Lexus iliyoibiwa huko, kwa ishara za chombo kilichofichwa ndani yake, wakapitia Mombasa hadi Uganda, na mjini Kampala yakaonekana magari mengine ya fahari ya wizi kutoka nchi hiyo hiyo. Yalikuwa yakipita mitaani mchana kweupe. Waliokuwa wakiyaendesha walikuwa wameyanunua, na baadhi yao bila shaka walikuwa watu ambao sisi walimu tungewasimamia watoto wao mitihani na kuwapongeza.

Naijua hoja ya upande mwingine, tena ina nguvu. Mnunuzi si polisi. Muuzaji ndiye mwenye kulijua gari, na ndiye apangaye bei. Akitaka kupoteza, ni shauri yake. Kama kila mwenye kununua shati kuukuu atadai nasaba ya shati, soko litafungwa kabla ya adhuhuri. Biashara haigombi, na kuuliza sana ni namna ya ugomvi. Wanafalsafa wa kale walilitazama jambo hili zaidi kwa upande wa muuzaji. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anawakutanisha Diogenes wa Babiloni na Antipatro wa Tarso wakihojiana juu ya mtu anayeuza nyumba yenye ila zisizoonekana, nyoka vyumbani na mbao mbovu. Diogenes anasema muuzaji hakumlazimisha mtu, na kunyamaza si kusema uongo. Antipatro anasema kumwacha mwenzio aingie shimoni kwa kutojua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Hakuna kati yao anayemwuliza mnunuzi neno. Walimchukulia kuwa ni mtu wa kuhurumiwa tu.

Sheria za nchi zetu, kwa bahati njema, zimemwona. Katika sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania, anayepokea mali ya wizi hahukumiwi tu kwa kujua kwamba imeibiwa. Yatosha kuwa alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Napenda sana maneno hayo, "sababu ya kuamini". Hayamwulizi mtu alikuwa na nini kichwani, kwa kuwa kila mshtakiwa atasema kichwa chake kilikuwa kitupu. Yanamwuliza alikuwa na nini mbele ya macho. Sheria zenye asili ya Uingereza huongeza kwamba, kwa kawaida, mtu hawezi kukupa haki asiyokuwa nayo, kwa hiyo aliyeibiwa hurudishiwa chake na mnunuzi akabaki mikono mitupu. Ya Ufaransa humtetea zaidi anayeshika kitu kwa nia njema, lakini nayo humpa aliyeibiwa miaka 3 ya kukidai. Pande zote mbili zimeelewa kwamba nia njema haidhihiriki kwa kauli ya mtu. Huchunguzwa kwa yale aliyoyaona na aliyoyafanya.

Tena hoja kwamba maswali huua biashara imekwisha kupata jibu lake, na jibu hilo lilitoka katika magari haya haya yaliyotumika. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala fupi juu ya soko la magari kuukuu, ambayo ilikuwa sababu kubwa ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba wanunuzi wasipoweza kupambanua gari zuri na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote. Basi mwenye gari zuri huona anapunjwa, hulitoa sokoni, na wabovu hubaki wenyewe. Soko haliuawi na maswali, bali na ukimya. Na mimi naongeza la kimaadili juu ya lile la kiuchumi: anayenunua bila kuuliza humwadhibu muuzaji mwaminifu aliyesimama kando yake, ambaye gari lake pia lilizama, akasema limezama, na sasa hapati mteja kwa kuwa ng'ambo ya barabara kuna lingine linalong'aa ambalo mwenyewe hapendi maneno mengi.

Nasita kidogo hapa, kwani naweza kusikiwa kana kwamba nawahubiria maskini. Wengi wetu tumevaa mitumba, tumesomesha watoto kwa vitabu vya mkono wa pili, tumepanda magari yaliyochakaa Japani kabla ya kuanza maisha mapya kwetu. Bei ndogo ya vitu hivyo haina fumbo. Kila mtu sokoni anajua kwa nini ni ndogo, na pengo lake limekwisha kulipwa na mtumiaji wa kwanza aliyechoka nacho. Mama anayechambua marobota Owino mjini Kampala hana deni la kumwuliza muuzaji swali, maana jibu limo mkononi mwake. Deni huanzia mahali ambapo bei inapita maelezo yote yaliyopo. Na kadiri kitu kinavyokuwa cha anasa, ndivyo udhuru wa kutouliza unavyopungua.

Liko tatizo moja gumu zaidi, na kwalo sijaona mwanga wa kutosha. Tuseme gari ni safi: halikuibiwa, halikuzama, halikugongwa. Muuzaji ana madeni, naye anakimbia. Katika nchi ile, hadi sheria ilipobadilishwa mwanzoni mwa mwaka 2022, hundi iliyokosa fedha benki iliweza kumtia mtu gerezani moja kwa moja, na baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 wageni wengi waliondoka wakiyaacha magari yao. Mtu wa namna hiyo akiuza kwa theluthi, pengo analilipa yeye mwenyewe, na pengine wadai wake pamoja naye. Je, kununua kwake ni kumsaidia au ni kumkamua? Cicero anasimulia habari za Scaevola, aliyetaka kununua shamba akaomba aambiwe bei moja ya mwisho. Alipoambiwa, akasema yeye analiona shamba kuwa na thamani zaidi, akaongeza sarafu 100,000 juu yake. Watu walikiri, asema Cicero, kwamba hilo lilikuwa tendo la mtu mwema. Ila walikana kuwa lilikuwa la mtu mwenye busara. Siwezi kumtaka dereva wa Sharjah awe Scaevola, ambaye alikuwa na mashamba mengine. Lakini naweza kumtaka asiifanye shida ya mwenziwe kuwa ngazi, akaikanyaga kwa mguu mzima. Kati ya theluthi na bei kamili kuna nafasi kubwa ambamo watu wawili wanaweza kukutana bila mmoja kuona haya baadaye.

Nilimjibu, basi, kwamba kwanza aulize mbona bei ndogo, aulize mbele ya wenzake wote wawili, na asikilize namna ya kujibu kuliko jibu. Hati zilinganishwe na namba ya chasisi iliyo garini kwenyewe. Namba hiyo ipelekwe kwa wawakilishi wa kampuni na kwa polisi. Fundi asiyemjua muuzaji aliinue gari atazame chini ya zulia na chini ya viti. Muuzaji akisema hana nafasi ya hayo yote kabla ya mwisho wa juma, amekwisha kujibu. Kisha nikamwandikia jambo ambalo naliona kubwa kuliko hayo. Ninyi, nilimwambia, hamnunui ili mkae nalo. Wiki tatu baadaye mtakuwa wauzaji. Andikeni leo, kabla hamjatoa dirhamu moja, tangazo mtakalolibandika siku hiyo, na ndani yake tieni kila mnalolijua na kila mnalolishuku juu ya gari hili. Mkiona tangazo hilo haliwezi kuwaletea faida, jueni kwamba faida mliyoihesabu haikuwa ndani ya gari. Ilikuwa ndani ya ujinga wa mtu mtakayemuuzia.

Mwalimu mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi ambaye hapendi kushindwa, aliisoma nakala ya barua hiyo kabla sijaituma. "Sawa," alisema, "wataliacha. Na kesho yake atakuja Mfilipino au Mhindi au Mganda mwingine, atalinunua bila swali, na wa kwenu watabaki na akiba yao ile ile na nyumba zisizo na paa. Umeokoa nini?" Nilikiri kwamba gari lazima litanunuliwa na mtu. Hata lile la Berger lilipata wa kulipokea kwa miaka 28, na kila mmoja wao angeweza kusema kweli tupu kwamba asipolichukua yeye atalichukua mwingine. Mwenzangu alitafakari, akakunja barua, akanirudishia, akauliza kama stempu za Ghuba bado ni bei ile ile.